Macho yaliniuma mwaka mzima, nikabadili edita tatu na miwani. Kumbe ni fonti (uzi mrefu kidogo)

Fundi Kodi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naandika kodi kwa riziki (kodi ya kompyuta, wa TRA msinikimbilie), sana sana PHP na Python kwa wateja wadogo wadogo. Mashine yangu ni ThinkPad ya mtumba niliyoichukua Kariakoo, inchi 14, RAM GB 8. Kibodi yake sijaona mfano wake.

Tatizo lilianza mwaka jana. Ikifika saa kumi jioni macho yanawasha kama nimetoka kukata vitunguu, kipaji cha uso kinagonga. Nikaenda kupima, nikaambiwa ni tatizo dogo, nikapewa miwani, ikasaidia wiki mbili. Nikasema labda ni edita, ile programu ninayoandikia kodi. Nikatoka VS Code nikaenda Sublime Text, nikatoka Sublime nikajaribu Notepad++, nikarudi VS Code. Maumivu yaleyale.

Siku moja akaja jamaa yangu na MacBook, tukakaa meza moja tukafungua faili lilelile. Edita moja, fonti (umbo la herufi) moja, ukubwa mmoja. Kwake herufi zimekaa kama za kitabu kilichotoka kiwandani. Kwangu ni kama nasoma kupitia chandarua kilicholowa.

Nikapiga hesabu. Skrini yangu ni 1366 kwa 768, kwa inchi 14 hiyo ni kama pikseli (zile nukta za skrini) 112 kwa inchi. Yake ya inchi 13 ni 2560 kwa 1600, kama 227. Maana yake pale penye nukta moja kwangu, kwake zipo nne. Na fonti tuliyokuwa tunatumia wote ni Fira Code, tena ule unene wa Light, ukubwa 12, kwa sababu kuna video niliiangalia jamaa akasema hiyo ndiyo ya wakubwa. Sasa mguu wa herufi kama l ukitaka nusu pikseli, mashine yangu nusu haina. Inachukua pikseli nzima inaipaka kijivu. Na tema yangu, yaani mpangilio wa rangi za edita, ilikuwa nyeusi. Kwa hiyo nilikuwa nasoma kijivu juu ya cheusi saa kumi kwa siku, halafu nashangaa macho yanauma.

Fonti yenyewe haina kosa, kwenye mashine ya yule jamaa ni tamu. Kosa ni langu, kuvaa kiatu cha mtu mwingine bila kupima.

Nikafungua faili jipya nikaandika mstari mmoja tu wa majaribio:

0Oo 1lI| rn m 5S 8B {}()[] ;: ,. '’ ng'ombe

Kila fonti nikaipa siku nzima ya kazi, ukubwa 15 au 16. Nilichokiona:

Consolas imenishangaza. Ilikuja na Windows Vista, ilichorwa na Mholanzi Luc(as) de Groot, na ilichorwa makusudi kwa ajili ya ClearType, ile mbinu ya Windows ya kutumia vipande vya nyekundu, kijani na bluu vilivyomo ndani ya kila pikseli kunyoosha kingo za herufi. Yaani ilizaliwa kwa skrini kama yangu. Sifuri ina mkwaju katikati, l na 1 hazifanani hata kidogo. Na chekeni: hiyo ndiyo fonti VS Code inayokuja nayo kwenye Windows! Mimi niliitoa kwa mikono yangu siku ya kwanza kwa sababu ilionekana ya kizamani.

JetBrains Mono (ya mwaka 2020, bure) herufi zake ndogo ni ndefu kwa kimo, kwa hiyo ukubwa 14 unasomeka kama 15 ya wengine. Ila ni pana. Pale Consolas inapoingiza herufi 12, hii inaingiza 11. Kwenye skrini ya 1366, ukishafungua orodha ya mafaili pembeni, hiyo herufi moja moja inakuuma, mistari inaanza kukatika.

Courier New ndiyo adui. Sifuri na O ni mapacha. Na ni nyembamba hivyo kwa sababu ilichorwa kufuata umbo la chapa za taipureta za IBM, ambako utepe wa wino ulikuwa unainenepesha herufi ikigusa karatasi. Kwenye skrini wino hakuna, umebaki mfupa.

Source Code Pro na DejaVu Sans Mono zote sawa tu, sina ugomvi nazo.

Nimetulia hapa, mpaka sasa wiki ya tatu:

"editor.fontFamily": "Consolas"
"editor.fontSize": 16
"editor.lineHeight": 24
"editor.minimap.enabled": false

Ile ramani ndogo ya kulia nimeifuta, inakula nafasi na sijawahi kuitumia. Maumivu yamepungua sana, hayajaisha. Naomba uzoefu wenu, hasa wenye mashine za kawaida. Wenye skrini za 4K tunawaheshimu, ila kaeni nyuma kidogo.

Siti ya Mbele

Nimeweka mkeka hapa. Mleta uzi, hicho kiatu kimenigusa, mimi nimevaa hichohicho Light miaka miwili.

Mzee wa Terminali

Vijana mnahangaika. Miaka kumi na tano natumia Vim, fonti nimeiweka Terminus. Ile haichorwi kwa mistari ikalainishwe, imepangwa nukta kwa nukta, pikseli ama imewaka ama imezimwa. Hakuna kijivu. Kwenye skrini mbovu kuliko yako inakata kama wembe. Kwenye skrini ya kisasa inakuwa kama punje za ulezi, lakini skrini ya kisasa mimi sina.

Na kuhusu edita, mtu akifungua Vim tupu hapo katikati kuna maandishi, wengi mnayaruka: mara nyingi yanaomba msaada kwa watoto wa Uganda. Andika :help uganda uone. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitengeneza, alijitolea kufanya kazi kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wetu, eneo la Rakai lililopigwa vibaya na UKIMWI. Akaamua programu itolewe bure, anayeifurahia achangie kituo. Alifariki Agosti 2023. Programu inayofunguliwa kwenye seva za dunia nzima, mara nyingi ikifunguliwa tupu inataja watoto wa jirani zetu hapa, na sisi tunaibeza kuwa haina rangi.

Kijana wa Luthuli

@Mzee wa Terminali hiyo historia nzuri, shikamoo. Lakini mara ya kwanza nilipoingia Vim ilibidi nizime mashine ndiyo nitoke.

Mzee wa Terminali

Marahaba. :q! mwanangu. Na zile h j k l za kutembeza kasa (kile kialama kinachoonyesha unapoandika) msidhani ni ukorofi. Bill Joy alipoandika vi, edita ambayo Vim imetokana nayo, mwaka 1976 alikuwa na terminali (skrini na kibodi ya kuingilia kompyuta kubwa) ya ADM-3A, na mishale ilikuwa imechorwa juu ya vitufe hivyohivyo. Alitumia kilichokuwepo mezani.

Binti Hifadhidata

Mleta uzi umeweka ng'ombe kwenye mstari wa majaribio, nikajua huyu ameshaumia kama mimi. Ngoja niwape kisa.

Nilitengeneza mfumo wa ushirika wa wafugaji huku Nyanda za Juu. Kila mfugaji anasajili mnyama, wengine kwa kompyuta ya ofisini, wengine kwa simu. Mwisho wa mwezi natoa ripoti mbele ya kamati. Ripoti inasema: mbuzi 94, kondoo 31, ng'ombe 212, ng’ombe 187.

Mwenyekiti akauliza, "Mwanangu, hawa ng'ombe wa chini ni wa aina gani?" Ukumbi ukacheka, mimi jasho.

Ndugu zangu, ni alama ya katikati. Kibodi ya kompyuta inatoa ' iliyonyooka. Baadhi ya simu, na Word pia, zinaigeuza kuwa ’ iliyopinda. Kwa macho ya mtu ni neno moja. Kwa hifadhidata ni wanyama wawili tofauti. Nilikaa usiku mzima naangalia mistari miwili naiona imelingana, kwa sababu fonti yangu ilikuwa ukubwa 11 na alama zote mbili zilikuwa ni kijidoa tu. Nilipokuza mpaka 18 ndipo nikaona moja imenyooka na nyingine ina mkia.

Kinachouma zaidi, VS Code ilikuwa inaniambia. Ina kawaida ya kuzungushia kijisanduku cha njano herufi inayoweza kukuchanganya na nyingine. Nilidhani ni pambo la tema, nikazoea kutoliona.

Siku hizi kila maandishi yanayoingia nayapitisha kwenye usafi kwanza, alama zote zilizopinda zinanyooshwa. Na jina la mnyama siandiki tena kwa mkono, mfugaji anachagua kwenye orodha. Ila nawaambia wanaojifunza: ukiandika 'ng'ombe' ndani ya alama moja moja, kodi inavunjika hapohapo baada ya ng. Lugha yetu ina ng' kila kona, ng'oa, ng'ara, ng'ang'ania, zoeeni alama mbili mbili. Waandishi wa vitabu vya programu hawakufikiria ng'ombe wetu.

Siti ya Mbele

"Hawa wa chini ni wa aina gani" 😂😂 Nimecheka mpaka dada wa kazi kaja kuuliza kuna nini.

Mwalimu wa Maabara

Kwenye hilo la alama niongeze la viunganishi, zile fonti zinazochukua herufi mbili zinachora alama moja. Fira Code ndiyo maarufu kwa hilo, JetBrains Mono nayo inazo, Cascadia Code ya Microsoft pia.

Nafundisha programu chuoni. Muhula uliopita niliwasha viunganishi kwenye mashine ya projekta kwa sababu vinapendeza: != inageuka ≠, => inakuwa mshale. Wiki ya pili mwanafunzi mmoja, msikivu sana, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo ya sawa iliyokatwa iko kitufe gani?" Nikageuka. Nusu ya darasa wameinamia kibodi wanaitafuta. Mmoja alikuwa ameshaikopi kutoka mtandaoni akaipesti, na Python imemkatalia.

Toka siku hiyo, ukiwa unafundisha zima. "editor.fontLigatures": false. Au tumia Cascadia Mono, ni ileile Cascadia bila viunganishi. Nyumbani kwako washa upendavyo.

Fundi Kodi (mleta uzi)

@Binti Hifadhidata mimi yangu ilikuwa ng'ambo, kwenye fomu ya mizigo. Mizigo yote ya ng’ambo haikuonekana kwenye utafutaji. Tofauti ni kwamba wewe umezungushiwa kijisanduku, mimi nilikuwa Notepad++ sikuambiwa kitu.

@Mwalimu, hilo sikulifikiria kabisa. Kwangu nimezima kwa sababu nyingine, kasa ikiwa katikati ya alama iliyounganishwa sijui niko kabla au baada ya herufi gani.

Kijana wa Luthuli

Mimi hutengeneza programu za Android, na huko mtu huchaguliwa edita, hachagui. Android Studio kwa RAM ya GB 8 ni kama kupakia sofa kwenye bodaboda. Ukifungua ile simu bandia ya ndani, na kivinjari kiko wazi, mashine inaanza kunguruma kama posho mill.

Nilichofanya: simu bandia nikaachana nayo kabisa, nimechomeka simu yangu halisi kwa waya, najaribia humo. Hapo peke yake mashine ilipumua. Kazi ndogondogo, kurekebisha maandishi au rangi, nazifanya kwa Sublime Text, nafungua Studio wakati wa kujenga tu. Sublime ni dola 99 ukinunua, lakini majaribio hayana mwisho, inakukumbusha tu mara kwa mara kama mdai mpole. Nikilipwa kazi ya sasa nitailipia, naona haya.

VS Code watu huisifu kuwa nyepesi, na kweli ukiilinganisha na Studio ni nyepesi, lakini tusidanganyane, imejengwa juu ya Electron, ndani yake kuna kivinjari kizima. Kinachoimaliza ni viendelezi, vile vijiprogramu vya nyongeza. Nilikuwa nimeweka zaidi ya arobaini, vingine hata sijui vilifanya nini. Nikabakisha saba. Kuna amri ndani yake huonyesha viendelezi vinavyofanya kazi na kila kimoja kimechukua muda gani kuamka, itafuteni kabla ya kulaumu mashine.

Na stima ikipotea, washeni kujihifadhi kwenyewe, files.autoSave. Betri za laptopu zetu za mtumba mnazijua.

Mzee wa Terminali

Vim inaweka faili la akiba lenye mwisho wa .swp. Umeme ukikatika, unarudi na vim -r na jina la faili, unaendelea ulipoishia. Nasema tu.

Bwana Kiberiti

Yaani watu wazima mnajadili umbo la sifuri. Andikeni kodi! Wenzenu India wanatumia Notepad wanajenga benki.

Binti Hifadhidata

@Bwana Kiberiti lete kazi moja uliyoifanya kwa Notepad tuione, mkuu. Hata ya duka la dawa.

Bwana Kiberiti

Nipo kwenye simu saa hizi.

Mwanafunzi wa Simu

Jamani mimi laptopu sina bado, naandikia kwenye simu. Natumia Acode kwa HTML na JavaScript, na Termux kwa Python. Msicheke. Kilichonisaidia ni mambo mawili: kulaza simu kiupande, na kuwasha mistari ijikunje yenyewe ili nisisogeze kulia kushoto. Skrini ya simu yangu ni kali kuliko za laptopu zenu nyingi, kwa hiyo fonti nyembamba kwangu inasomeka, ugomvi wangu ni mabano yaliyojificha kurasa mbili ndani ya kibodi. Kuna mtu ameunganisha kibodi ya kawaida kwa waya wa OTG?

Kijana wa Luthuli

Mimi nilianza hivyohivyo. OTG inafanya kazi vizuri, chukua kibodi yoyote ya USB ya bei ya chini, taa za rangi achana nazo zinamaliza chaji. Ctrl+S na mishale vyote vilinikubali Acode. Kaza buti.

Macho Manne

Mimi si programa, ni mpima macho, uzi huu nimeletewa na kaka yangu. Mleta uzi, umesema maumivu yamepungua lakini hayajaisha. Nina maswali kabla sijasema kitu. Tema nyeusi bado unayo? Unakaa kwenye chumba cha namna gani? Na feni iko wapi?

Fundi Kodi (mleta uzi)

Tema bado nyeusi, kila mtu anatumia nyeusi. Chumba kina dirisha kubwa mgongoni kwangu. Feni ya mezani iko pembeni ya skrini, imenielekea usoni. Dar hii, dada/kaka yangu, bila feni sifanyi kazi.

Macho Manne

Dada. Nilijua tu.

Anza na feni. Mtu akikodolea skrini anapepesa macho mara chache kuliko kawaida, hilo ni kwa watu wote. Jicho lisipopepesa halipakwi maji. Sasa juu ya hapo umeweka upepo unaolikausha kutwa nzima. Ule muwasho wa vitunguu uliousema ni dalili ya jicho kavu kabisa, hauhitaji miwani, unahitaji uigeuze feni. Na kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Mkungu, paa la jirani, chochote.

Tema: kwenye giza mboni inapanuka ili iingize mwanga, na ikipanuka kasoro ndogo za lenzi zinaonekana zaidi. Wenye jicho ambalo duara lake halijakaa sawa, na nahisi hilo "tatizo dogo" ulilopimwa ni hilo, wanaona maandishi meupe juu ya cheusi yana ukungu pembeni. Mchana, dirisha likiwa wazi, jaribu maandishi meusi juu ya karatasi isiyo nyeupe sana. Usiku rudi kwenye nyeusi kama unaipenda, taa ya chumba ikiwa imewaka. Na dirisha likiwa mgongoni, tema nyeusi inageuka kioo, unajiangalia mwenyewe unaandika.

Kuna mtu atasema nyeusi inaokoa betri. Inaokoa kwenye skrini za OLED, ambazo nukta nyeusi inazimika kweli. Laptopu nyingi za mtumba ni LCD, taa ya nyuma inawaka palepale hata ukiandika juu ya kaniki.

Mwalimu wa Maabara

Dada Macho Manne, una la kusema kuhusu fonti kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu? Ninaye mmoja.

Macho Manne

Ukubwa kwanza, hata 22 asione aibu, na nafasi kati ya mistari. Fonti jina lake sijui, nasikiaga tu.

Binti Hifadhidata

Mwalimu, jaribu Intel One Mono. Ilitoka 2023, bure, Intel waliitengeneza na studio ya Frere-Jones, na waandishi wa kodi wenye uoni hafifu walishirikishwa kuijaribu. Mabano yake yamepindishwa hasa, { na ( hazikosewi hata ukiwa mbali. Mimi naona vizuri na bado nimehamia huko. Alama yangu ya ng' inaonekana hata kwa ukubwa 14.

Fundi Kodi (mleta uzi)

MREJESHO, siku ya tisa.

Nimegeuza meza, dirisha sasa liko kushoto. Mchana natumia tema nyeupe iliyofifia kidogo, siku mbili za kwanza nilihisi niko Excel, ya tatu nikazoea. Consolas 16 imebaki. Ile Intel One Mono nimeipa siku moja, mabano kweli hayakosewi, ila kwenye skrini yangu ni pana, nikipata mashine ya maana nitaitafuta. Jana saa kumi imefika, saa kumi na moja imefika, nikashtuka adhana ya magharibi na sijashika kichwa hata mara moja.

Mzee wa Terminali

Kwa hiyo wiki nzima tumegombania fonti, kumbe ni feni.

Fundi Kodi (mleta uzi)

Fonti na feni, mzee wangu. Na sijaizima, nimeielekeza miguuni.